Mlango wa Mvule wa Baleni

Mlango haukuwapo. Fremu ilibaki tupu, imezibwa kwa kipande cha bati. Inspekta Nusra alikisogeza, akainama kukagua.

"Afande, mlango ule wa mvule aliuacha babu yangu," alisema Hamad, mwenye nyumba. Alikuwa amewasili jana kutoka Dar es Salaam. Mama yake, Bimkubwa, aliyeishi chumba cha uani, alizikwa wiki iliyopita bila yeye. "Mwizi ni mpangaji wangu, Shaibu. Leo hii ahame!"

"Kumhamisha mpangaji si kazi ya polisi. Kuna notisi, kuna mahakama. Mimi nimeitiwa mlango."

Alisema hivyo, lakini moyoni alikwisha mhukumu Shaibu. Mfua nazi, nyumba ya kupanga, mbao ya thamani: nani tena?

Fremu haikuwa na kovu. Skrubu zilifunguliwa kwa bisibisi, kutoka ndani. Nyuma ya jiko alikuta unga wa mbao wa kahawia. Na jikoni, ndani ya kikapu, bawaba na kitasa vilikuwa vimefungwa kitambaa, vimepakwa mafuta visishike kutu.

Nusra aliguna. Mwizi gani huyu anayemtunzia mwenye mali bawaba zake?

Majirani nao hawajui, hawajaona, hawajasikia. Watu ambao kuku wa mtu akipotea wanajua kaliwa na mchuzi gani!

Alimkalisha Shaibu barazani.

"Mlango umeupasua wewe?"

"Mimi."

"Umemuuzia nani?"

"Sikuuza."

"Mbao ziko wapi?"

Shaibu alimtupia jicho Hamad, akainamisha kichwa. "Nifunge tu, afande. Mpangaji hukabidhiwa nyumba aitunze. Nimegusa mali ya mtu bila idhini."

"Nimeuliza mbao."

Furaha, mkewe, alitoka ndani akilia. "Sema, mume wangu! Utafungwa kwa kumsitiri mtu?"

Shaibu alishusha pumzi.

"Bibi alifariki siku ya mvua kubwa. Barabara ya Kilindoni imekatika, seremala kakwama huko. Kaburi limekwisha chimbwa, linaingia maji, na viunza vya kumfunikia maiti hakuna. Simu yako, bwana Hamad, haipatikani. Ningemwaga udongo usoni pa mama wa mtu? Nikaufungua mlango."

Hamad alishika fremu.

"Kwa nini hukusema?" Nusra aliuliza, sauti imempungua. Aliona haya kwa aliyoyawaza asubuhi.

"Nikisema mlango, lazima niseme na paa. Chumba cha bibi kilivuja masika yote. Nilimwambia mwenye nyumba, akajibu subiri. Na mimi sikupanda kuziba hata kwa kuti moja. Nikasema paa ni jukumu la mwenye nyumba, haki yangu naijua. Bibi akalowa mpaka kifua kikamkamata. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, afande. Mlango hauniumi."

Hamad aliiachia fremu.

"Afande, nafuta malalamiko," alisema. Kisha akamgeukia Shaibu. "Alikuwa akiniulizia?"

"Kila ikinyesha alituambia, 'Msimsumbue mwanangu, ana kazi nyingi.'"

Hamad aliingia chumba cha mama yake, akaketi kitandani. Godoro lilikuwa bado bichi.