Majina ya Kuazima

Kilichomtia Azor Trefry wasiwasi tangu mwanzo ni kwamba Waingereza wale walifurahi kutekwa.

Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Tangu makoloni ya Amerika yamwasi mfalme wa Uingereza, na Bunge la waasi lianze kuwapa watu binafsi vibali vya kuwinda meli za Kiingereza, wavuvi wa chewa wa mji wa Marblehead waliweka nyavu kando wakashika bunduki, na Azor alikuwa ameshaona mateka wa kila aina: wa kulia, wa kutukana, hata mmoja aliyemtemea mate usoni. Lakini hakuwahi kuona nahodha akishusha bendera kabla ya mzinga wa kwanza kulia, kisha akaingia katika mashua ya adui akicheka utadhani anakwenda harusini. Mabaharia wake walisukumana kuwahi nafasi. Mmoja aliyeambiwa asubiri kidogo alijitupa baharini, katika maji ya baridi ile, akaogelea hadi kwenye meli ya waliomteka.

"Wamebeba nini hawa, hata waikimbie meli yao hivi?" aliuliza Joel Bowden.

"Mablanketi, viatu na nyama ya chumvi," Azor alijibu. "Vya askari wa mfalme."

"Basi watavivaa askari wetu, wanaotembea peku kwenye theluji. Waache wacheke, shemeji."

Joel alikuwa mume wa Tabitha, dada wa pekee wa Azor. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa amefungwa na Waingereza katika meli ya gereza huko New York, mahali ambapo wafungwa walipandisha maiti za wenzao juu kila asubuhi kabla ya kupewa uji. Alirudi amebaki mifupa, na hata sasa alilala amekaa. Siku ya kuondoka Tabitha alimkamata kaka yake kola pale mlangoni. "Nirudishie mume wangu," alimwambia. "Mzima, kaka. Ukija bila yeye usibishe hodi hapa." Azor aliapa, na kiapo hicho kilimkaa kifuani safari nzima.

Watu wanne walikabidhiwa meli ile, Amity, waipeleke Marblehead: Azor kama nahodha, Joel, mcheshi mmoja aitwaye Eben Peach, na mpishi mzee Cloutman. Meli yao wenyewe ilibeba mateka wote, ikachukua na mashua ya Amity, ikaendelea na mawindo.

Kabla ya kuachana walifanya jambo ambalo kila mwindaji wa Marblehead alilifanya. Bahari ile ilijaa manowari za mfalme, na meli iliyotekwa ikisimamishwa njiani ilipaswa kujifanya bado ni ya Kiingereza. Kwa hiyo kila mtu aliazima jina la baharia mmoja aliyeondolewa, akajifunza mji wake na jina la mke wake. Mara nyingi mateka walikataa kusaidia mpaka watishwe. Huyu nahodha wa Amity hakungoja kuombwa. Alipita kwa mmoja mmoja, Eben, Joel, kisha Cloutman, akimgusa kifua kwa kiganja: wewe Jacob Hext, wewe William Cobb, wewe mzee Peter Lugg. Alipomfikia Azor alimpa jina lake mwenyewe, Silas Trenow.

"Yachukueni," alisema. "Ni yenu sasa." Kisha akafuta mikono kwenye suruali yake, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Eben Peach alichekelea. "Kumbe mimi ndiye Jacob Hext, bwana! Nina mke mpya Bristol, na mama mkwe sijamwona. Hapo tu nimeshapata nafuu."

"Cheka, lakini ukiitwa kwa jina hilo uitike hapo hapo," Azor alimwonya. "Ukisita, sote tunanyongwa." Wakawa wanaitana kwa majina yale kutwa nzima, kwenye kamba, kwenye usukani, kwenye sufuria, mpaka ulimi ukazoea.

Ukungu ulishuka. Pamoja nao ikaja harufu ambayo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja, harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, mbichi, nao wako katikati ya bahari. Cloutman alimwaga siki kwenye mbao za sitaha. Harufu haikuondoka.

Eben alikuwa akipasua kuni karibu na jiko aliposikia ameitwa.

"Jacob Hext."

"Naam!" aliitika. "Umeniita, mzee?"

"Nikuite nina shida gani na wewe?" Cloutman alimjibu.

"Jacob Hext," ikaita tena, taratibu, kutoka chini kwenye ghala la shehena, sauti ya mtu anayekufahamu, na Eben akasema, "Joel huyo, ananichezea," akaweka shoka chini, akateremka ngazi huku akipiga mluzi, na mluzi ule wakausikia ukienda mbali, mbali kuliko urefu wa meli yenyewe, ukipungua kama wa mtu anayeteremka bonde refu, mpaka Joel, aliyekuwa juu ya mlingoti muda wote ule, akauliza kutoka huko juu, "Nani anapiga mluzi huko?"

Cloutman aliidondosha sufuria.

Walimkuta Eben ameketi juu ya marobota ya mablanketi, macho wazi. Marobota yalikuwa makavu, sakafu ilikuwa kavu, lakini yeye alikuwa amelowa chapachapa, na Azor alipomwinamisha, maji ya bahari yalimtoka mdomoni, yakatoka, yakatoka, hata Joel akaziba masikio asisikie yakimwagika.

Walimzika baharini, wakaupigilia mlango wa shehena misumari. Cloutman alisimama juu yake na Biblia, akisoma zaburi kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Chini yake kitu kiligonga mbao mara moja, kwa adabu, kama jirani.

"Peter Lugg," kikaita.

Mzee alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Wale watu hatukuwateka, nahodha," alinong'ona alipoweza kusema. "Walitukabidhi. Walikuwa na deni la roho zao humu ndani, wakatafuta wa kuwabebea."

"Turudishe majina," Joel alisema. "Tuseme hatuyataki."

"Umrudishie nani?" Cloutman alimjibu. "Wenyewe wako wapi?"

Azor aliwavuta wote wawili karibu. "Kuanzia sasa kila mtu ni jina alilopewa na mama yake. Mkisikia yale mengine, kimya. Nasema kimya, hata ikiwa sauti ni yangu."

Wakaishi hivyo. Kitu kile kiliita mchana, kiliita wakila, kikajifunza kukohoa kama Cloutman na kucheka kama Eben. Hakuna aliyeitika. Azor akaanza kuamini kwamba atatimiza kiapo chake.

Ndipo waliposikia makasia kwenye ukungu. Ilikuwa mashua ya manowari ya mfalme, na ofisa aliyesimama ndani yake alikuwa na kipaza sauti cha bati.

"Meli gani hiyo?"

"Amity!" Azor alijibu.

"Nahodha wenu ni nani?"

Azor alifungua kinywa. Chini ya miguu yake, shehena nzima ilinyamaza. Alihisi kabisa kwamba kuna kinachosikiliza, kimeweka sikio kwenye mbao, kikingoja.

"Nitasema ukweli," alimnong'oneza Joel. "Watatufunga, lakini tutakuwa hai."

"Watatupeleka kwenye meli ya gereza."

"Utatoka. Ulitoka."

"Sikutoka, shemeji." Joel alikuwa analia bila sauti. "Hujui. Niliwapandisha wenzangu juu kila asubuhi, nikawa nawaombea wachelewe kuoza ili nilalie nguo zao. Huko sirudi. Bora hiki cha chini."

"Joel, nimemwapia dada yangu—"

"Nimeuliza, nahodha ni nani?" ofisa alifoka, na bunduki zikainuliwa.

Joel alimsukuma Azor, akaegemea ukingo wa meli. "Ni mimi, bwana! Silas Trenow, wa Padstow! Usisogee, tuna homa humu, tumemzika Jacob Hext!"

Mashua ilisimama. "Homa?" ofisa alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Basi kaeni nayo." Makasia yakarudi nyuma haraka, ukungu ukawameza.

Walikuwa wameokoka. Cloutman alipiga magoti. Na misumari ya mlango wa shehena ikaanza kung'oka yenyewe, mmoja baada ya mwingine, polepole, ikidondoka na kubingirika kwenye sitaha.

"Silas Trenow."

"Ndiyo," Joel alisema kwa upole. "Nakuja."

Azor alimrukia. Alimkumbatia kiunoni, akamwangusha, akajifunga naye kwa kamba tumbo kwa tumbo, na tangu hapo hakumwachia, si kwa kula, si kwa kulala, si kwa haja, akiendesha usukani huku shemeji yake amemwegemea kama mgonjwa, na sauti ikiita na kuita kutoka kwenye lile shimo lililobaki wazi, na Joel akijibu kwa midomo tu, akitabasamu, akivuta kamba kidogo kidogo kuelekea huko, na Azor akimwita jina lake halisi sikioni, Joel, Joel Bowden, mume wa Tabitha, mpaka akapoteza sauti.

Siku ilipoonekana nchi kavu, sauti ikakoma. Hata harufu ya udongo ilitoweka.

"Nina njaa," Joel alisema.

Azor alilia kama mtoto.

Marblehead nzima ilimiminika gatini kushangilia viatu na mablanketi. Tabitha alipenya katikati ya watu, akamkumbatia mume wake kwa nguvu, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, imelowa maji. Mvua haikuwa imenyesha. Azor aliona, akajiambia ni umande wa baharini, akaenda kulala.

Asubuhi dada yake alimjia bila viatu, nywele wazi. Alisimama mlangoni akakataa kuketi.

"Kaka, yule uliyeniletea yuko mezani tangu jana. Hajala, hajafumba jicho. Anadondosha maji tu."

"Ni uchovu, Tabitha. Alipata homa njiani."

"Nisikilize. Nilikuwa nawasha moto, nimempa mgongo yule wa mezani. Joel akaniita kutoka chini, kwenye ghala chini ya sakafu ya jiko. Sauti yake ile ya zamani, kaka, ya kabla hawajamfunga. Alilia, akasema, Tabitha, kuna giza huku."

Azor alimshika mabega.

"Hukuitika. Niambie hukuitika."

Tabitha alimtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Mume wangu ameniita," alisema. "Ningeachaje kuitika?"