Mpishi wa Sabiri

Nilikwenda Ujiji kupeleka sare za shule. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, na mwenye zile sare alikuwa Sheima, rafiki yangu tuliyesoma naye darasa moja. Kwao ni Waarabu wa Tabora, wauza vitambaa tangu enzi za babu zao. Yeye aliolewa Ujiji, akafungua duka lake huko. Nilifika dukani kwake jua likianza kushuka ziwani, nina mabegi mawili, miguu imejaa vumbi, na tumboni sina kitu zaidi ya hindi moja la kuchoma nililonunua dirishani mwa treni pale Uvinza.

"Hujala," Sheima aliniambia, kabla hata hajafungua begi.

"Nitakula nyumbani kwako."

"Leo hapiki mtu. Nakupeleka kwa Sabiri, kule ufukweni. Mwezi wa tatu huu mji mzima unakula pale. Ukionja samaki wake, utahamia huku."

Tukafunga duka, tukateremka.

Mgahawa wenyewe ulikuwa wa mabanzi na bati, viti vya plastiki vya bluu vimepangwa mchangani, maji ya ziwa yakigonga hatua chache tu kutoka kwenye meza za mwisho. Harufu ya mawese na moshi wa kuni ilikupokea mbali. Meza karibu zote zilikuwa na watu. Wavuvi, mama mmoja na watoto wake, vijana wa bodaboda, wazee wawili waliovaa kofia.

Nilikaa kwenye kiti ndipo nikagundua kilichokuwa kinanisumbua.

Hakuna aliyekuwa anaongea.

Walikuwa wanakula tu. Wameinamia sahani, mikono inapanda na kushuka. Hata wale watoto.

Sabiri alikuja mwenyewe kutunawisha. Mtu wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, kucha safi. Alishika birika mkono mmoja na beseni mkono mwingine.

"Karibuni, dada zangu. Leo kuna migebuka na wali." Akanitazama. "Mgeni umetoka wapi?"

"Tabora."

Maji yaliacha kumiminika.

"Tabora mjini?"

"Kipalapala."

"Ahaa," akasema polepole. Akaendelea kuninawisha, lakini macho yake yalibaki usoni kwangu, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliwahi kuiona wapi sura hii.

Chakula kikaletwa. Nikavunja kipande cha samaki, nikachovya kwenye mchuzi, nikatia mdomoni.

Kwanza ulikuja ukwaju. Kisha pilipili. Kisha, nyuma kabisa ya ulimi, ikaja asali.

Nikaacha kutafuna.

Lazima niwaeleze kuhusu dada yangu Leonia. Alinitangulia kwa miaka sita na ndiye aliyenilea Mama alipokuwa shambani. Siku moja, akiwa bado msichana, alichanganya chupa ya mafuta na chupa ya asali akamwaga asali kwenye samaki wanaochemka. Aliogopa kuchapwa, akaongeza ukwaju kuficha utamu. Baba alikula akaomba tena. Tangu siku ile Leonia hakupika samaki kwa namna nyingine. Nimekula kwa watu wengi, harusini, kwenye mikutano, stendi za mabasi. Sijawahi kukutana na ladha ile popote pengine.

Na Leonia alikufa. Miaka minne sasa. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Mimi sikumzika kwa sababu nilikuwa nimelazwa hospitali. Niliporudi nyumbani nilionyeshwa kaburi, msalaba wa mbao na jina lake kwa rangi nyeusi.

"Sheima," nikanong'ona. "Nani anapika hapa?"

"Ana mpishi wake huko nyuma. Mwanamke, nadhani." Alikuwa anachambua miiba. "Hatujawahi kumwona. Hatoki."

"Hata siku moja?"

"Julieth, wewe kula. Chakula kinapoa."

Adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa juu. Sheima akanawa, akajifunga mtandio vizuri, akasema anakwenda kuswali nyumba ya pili, kwa wifi yake, nimsubiri pale pale. Nikabaki peke yangu na ile sahani.

Nilijiambia ni kufanana tu. Dunia ni kubwa, na asali ipo kila mahali. Lakini moyo ulikataa. Sabiri alipopita nikamwita.

"Kuna ugali?"

"Upo. Umeupenda mchuzi wetu?"

"Sana."

Akatabasamu kidogo, akaenda. Aliyeleta ugali alikuwa binti mhudumu, akauweka mezani bila kusema neno. Ugali wa moto, wa mviringo, unatoa mvuke.

Katikati yake kulikuwa na shimo.

Shimo la kidole gumba.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakataa ugali. Leonia ndiye aliyekuwa anabonyeza kidole katikati, anamimina mchuzi humo, ananiambia kile ni kisima changu. Kidole chake kilikuwa na alama. Mundu ulimkata akivuna mpunga, kidonda kikapona vibaya, kikaacha uvimbe mrefu kama uzi katikati ya gumba. Kwa hiyo kila kisima chake kilikuwa na mfereji chini.

Nikasogeza ile sahani karibu na taa.

Mfereji ulikuwepo.

Sikumbuki nilisimama vipi. Nakumbuka mchanga ulikuwa mzito. Nilimwambia yule binti naenda chooni, akanyoosha mkono kuonyesha nyuma ya banda bila kuinua macho. Nikapita. Choo kilikuwa kushoto. Kulia kulikuwa na jiko, limezungushiwa mabati, mlangoni imening'inizwa kanga iliyochakaa.

Nilisimama nje ya ile kanga.

Ndani mtu alikuwa anatwanga. Du... du... du... Na katikati ya kila pigo kulikuwa na sauti nyingine, ya puani, kama mtu anayeimba na mdomo umefungwa. Mmm... mmm... Niliutambua wimbo. Ulikuwa wimbo wa kanisani kwetu, ule Leonia aliokuwa akiuimba akikoroga uji.

Harufu iliyotoka pale haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya udongo. Udongo mbichi, wa chini, uliochimbwa leo.

Nikashika kanga, nikaisogeza.

Hamkuwa na taa. Mwanga ulikuwa wa kuni tu. Mwanamke alisimama kwenye kinu, mgongo kwangu, kichwa kimenyolewa, amevaa gunia lililotobolewa sehemu ya mikono. Sakafuni kulikuwa na sufuria tatu za samaki. Pembeni, karibu na miguu yake, kulikuwa na kibakuli cha pumba.

"Dada Leo," nikasema.

Mchi ukasimama hewani.

"Dada Leo. Ni mimi. Ni Julieth."

Akageuka taratibu sana, mabega kwanza, kichwa baadaye. Uso ulikuwa wake. Ulikuwa umekauka, ngozi imeshikana na mfupa, macho yamefunikwa na utando kama ya samaki aliyelala juani, lakini ulikuwa wake. Akafungua mdomo.

Ndani hamkuwa na ulimi.

"Mmm," akasema. "Mmm."

Nilimwendea. Nilinyoosha mikono nimkumbatie, Mungu ananiona, sikuwa naogopa tena. Nilikuwa nalia. Akainua mkono wake, ule wenye alama, akaniwekea kifuani. Ulikuwa wa baridi kupita kiasi. Nikadhani ananipapasa anitambue.

Akanisukuma.

Alinisukuma kwa nguvu nikaangukia mabati. Akanisogelea, akanisukuma tena kuelekea mlangoni, akitikisa kichwa. Macho yale yaliyokufa yalikuwa yanatokwa na machozi.

"Choo ni upande ule, dada."

Sabiri alikuwa nyuma yangu. Hakupaza sauti. Hakuonekana hata kukasirika. Leonia alipoisikia sauti yake alirudi kwenye kinu kama mtu aliyevutwa kwa kamba, akaanza kutwanga.

Du... du... du...

"Huyu ni dada yangu," nikasema. "Umemwiba."

"Mimi siibi watu." Akashusha kanga, akaninyooshea ukosi wa blauzi kwa vidole viwili, kama mzazi. "Mimi huletewa."

"Na nani?"

"Mtoto wa mtu hutolewa na nani?" Akaniinamia sikioni. Pumzi yake ilinuka ukwaju. "Nenda nyumbani kwenu ukaulize. Ukitoka hapa ukapiga kelele, watu watafungua jiko hili na kukuta sufuria. Na wewe utaonekana mwendawazimu."

Sheima alinikuta nimekaa mchangani karibu na maji. Nilimweleza yote njiani. Hakunicheka. Alinishika mkono hadi kwake, akanifungia chumbani, akaniwashia udi, akakaa nami akisoma Kurani. Alfajiri tuliamka, tukamchukua mume wake, tukateremka wote watatu.

Banda lilikuwepo. Viti vya bluu havikuwepo. Jikoni majivu yalikuwa ya baridi, mvua imeshayagandisha, na buibui ametanda kwenye mafiga. Mvuvi aliyekuwa anatengeneza nyavu jirani alituambia pale hapajapikwa chakula tangu masika.

"Lakini mimi nimekula hapa," Sheima alisema. "Miezi mitatu."

Mvuvi alimtazama, kisha akatazama nyavu zake.

Mume wa Sheima alitaka twende polisi. Tungewaambia nini? Sheima mwenyewe alikuwa amekaa kwenye jiwe, ameshika tumbo, anatapika kitu cheusi.

Nikapanda treni kurudi.

Nyumbani nilimkuta Mama kwenye kibanda cha jikoni, anamenya karanga. Ilikuwa saa tisa mchana. Eustadia, mtoto wa Leonia ambaye sasa ananiita mama, alikuwa bado shuleni, na kaka yetu Deus alikuwa shambani. Tulikuwa wawili tu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi mapema."

"Nimemwona Leonia."

Nilisubiri. Nilitaka aniambie naota. Nilitaka alie, ainuke, aite majirani, anipeleke kwa padri. Nilikuwa nimelipanga hilo safari nzima, jinsi nitakavyomtuliza.

Mama alimenya karanga moja. Akaiweka kwenye ungo. Akamenya nyingine.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, bila kunitazama.

"Wanamlisha nini?"

Nilikaa chini.

"Mama. Umefanya nini?"

"Ulikuwa unakufa, Julieth." Mikono yake haikuacha kazi. "Umesahau? Ganzi ilianza vidoleni, ikapanda magotini, ikapanda kiunoni. Miezi saba. Daktari alituita mimi na Deus akatuambia tukuandae. Nikaelekezwa kwa mtu mmoja, njia ya kwenda Nzega. Akasema wewe unaweza kubaki, lakini nafasi yako itataka mtu. Akaniuliza, mama, kati ya mabinti zako wawili, nani aende?"

"Ukamtaja Leonia aende."

"Sikumtaja." Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, na sijawahi kuona uso wa mtu umechoka vile. "Sikutaja jina la mtu. Nilichokataa ni kutaja lako."

Akachukua karanga nyingine, akavunja ganda.

Ndipo nikaelewa ule mkono kifuani mwangu. Leonia alinitambua. Alinitambua tangu nilipotaja jina, akajua kwa nini yuko pale, na bado alinisukuma nitoke.

"Nitamrudisha," nikasema.

"Huwezi."

"Sabiri ni mtu. Anakula, anatembea, anahamisha viti. Atafungua mahali pengine. Nitamtafuta ufukwe wote wa ziwa, mgahawa kwa mgahawa."

"Ukimtoa, nafasi yake haitakaa wazi." Mama alinishika mkono, wake ukiwa na vumbi la karanga. "Nakuomba, mwanangu. Nimeshapoteza mmoja. Usinifanye nichague tena."

Nilitoa mkono wangu.

Hayo yalikuwa wiki mbili zilizopita. Deus sijamwambia, maana namjua, atachukua panga, na sijui ataanza na nani. Sheima alinipigia juzi. Kutapika kumeacha, lakini chakula hakimkai; kila anachokula anasema hakina ladha, na usiku mume wake anamkuta ameketi kitandani mdomo unatafuna. Akaniambia pia kwamba mtu aliyetoka Kasanga, kusini kabisa mwa ziwa, amesimulia habari za mgahawa mpya kule ufukweni. Wenye viti vya bluu. Samaki wake, alisema, wana utamu usioeleweka.

Nimeshakata tiketi ya Alhamisi. Mama anajua; aliiona kwenye mkoba akairudisha. Tangu hapo ananiangalia ninavyotembea.

Leo ni Jumanne. Asubuhi hii Eustadia alinikanyaga mguu wa kushoto akikimbilia shule, akasimama, akaniomba samahani. Nilimwambia si neno, mwanangu, nenda.

Sikuwa nimehisi kitu.