Maji ya Kapteni Alio

Ndege ilipokuwa kichwa chini, Abdinur alimwona mama yake. Alikuwa amesimama mbele ya ngamia waliobeba mizigo, akipunga shuka lake jekundu. Abdinur akamtazama kwa muda ule ule ambao alipaswa kuitazama pua ya ndege.

"Pua!" Kapteni Alio alipaza sauti kutoka kiti cha nyuma. "Inua pua!"

Alikuwa amechelewa. Jeti ya mafunzo ilimaliza kujibingirisha ikiwa imezama mno, tumbo likakwaruza vilele vya migunga, injini ikameza matawi. Alio, mwalimu wake, alinyakua usukani. Kasi ikawabeba kilomita kadhaa, mlio ukakatika.

"Ruka!"

Kiti kilimrusha Abdinur nje na mwavuli wake ukafunguka. Wa Alio ulifunguka nusu tu.

Alimkuta chini ya kichaka, mfupa wa paja umetoboa suruali. Alimfunga kwa tawi na kamba za mwavuli. Redio ilikuwa imevunjika. Chupa moja ya maji ilikuwa nzima, ya pili imepasuka.

"Nilikwambia mara ngapi, kijana? Pua kwanza, ndipo ubingirike."

"Mara nyingi, afande."

"Na mimi nikakubali. Mara moja tu, nikasema. Mjinga mkubwa ni nani hapa?" Alio akacheka, kisha akauma mkono wa shati lake.

Ilikuwa Alhamisi, Februari ya mwaka 1996, na nyanda za upande wa mji mdogo wa Diff hazikuwa zimeonja mvua tangu mwaka uliotangulia. Wiki moja nyuma, Abdinur alimpa dereva wa lori la mifugo ujumbe kwa mama yake Kaaha: Alhamisi asubuhi wakae mahali peupe, atapita chini na kupinduka mara moja kumsalimu. Kwa ajili ya salamu hiyo walikuwa wameiacha njia waliyoandikisha, kilomita sitini. Watakaowatafuta wangeanzia kule.

Alasiri Bare, mjomba wa Abdinur, alifika, akiufuata moshi wa ndege iliyoanguka. Alikuwa na maziwa kidogo ndani ya kibuyu. Alio alikunywa, akatapika yote.

"Maji, mzee," Alio alisema. "Maji tu."

Bare alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Maji iko juu ya ngamia. Ya siku nne, tumetoa kisimani jana. Ngamia imekimbia."

"Imekimbia wapi?"

"Nitajua aje? Ndege yenu ndiyo imekimbisha." Hakumtazama mpwa wake. Alikaza kikoi, akaenda kutafuta nyayo.

Abdinur alimpa Alio maji kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kila alipoomba, na yeye akawa anatafuna kijiti. Asubuhi ya Ijumaa chupa ilikuwa tupu. Mama Kaaha alifika kwa miguu, midomo imepasuka, akatandaza shuka jekundu juu ya miiba kumkinga mgonjwa na jua.

"Nilikuona," alimwambia mwanawe polepole. "Ulipinduka kama ulivyosema."

Abdinur alikaza pembe ya shuka kwenye miiba.

Saa tano Alio aliomba kifuniko. Abdinur aliiinamisha chupa juu yake, akatikisa. Hakikutoka kitu. Alio alikitazama kifuniko, akamtazama yeye, na hakuomba tena. Alikata roho kabla ya adhuhuri.

Bare alirudi na ngamia mmoja, mitungi yake imepasuka. Baadaye kidogo helikopta iliona mwavuli wa rangi ya chungwa, ikatua katika vumbi. Askari alishuka na mtungi wa manjano wa lita ishirini, umejaa mpaka shingoni.

"Kunywa, ndugu yangu."

Abdinur alimpelekea mama yake, kisha Bare. Kisha akaubeba mtungi hadi kichakani.

"Tuna haraka," askari alisema.

"Ngojeni. Ni Mwislamu," Abdinur alisema. "Haondoki hivi."

Mama alishika shuka liwe pazia, akageuza uso. Bare alikunja mikono ya shati. Abdinur alimimina, na maji yakatiririka kifuani, mbavuni, yakanywewa na mchanga. Alipofika usoni alilowesha kitambaa tu, akakikamua vizuri, akapangusa ile midomo mikavu kwa uangalifu, kwa kuwa maiti hatiwi maji kinywani.