U ya Nani

Wallahi tena wallahi! Nikiwa nimeongeza chumvi hata chembe, cheche zinipofue nikiwa nachomelea. Na mimi nachomelea kweli, siyo hawa wa kubandika. Geti langu ukipoteza ufunguo, hama tu nyumba. Kusoma sikubahatika, lakini masikio ninayo, na haya niliyasikia kwa masikio yote mawili.

Mambo yalianza na dadu kuanguka bila sauti.

Saluni ya Kinyozi imepakana na karakana yangu. Mkewe, Msusi, anasuka humo humo, na nyuma kuna stoo isiyo na dirisha. Mchana wateja wakipungua, Mwalimu wa shule ya jirani alikuwa anakuja na mchezo wake: kila mtu ni shujaa wa kwenye karatasi, dadu inaamua nani anaua zimwi na nani analiwa. Kitabu chenyewe cha Kizungu, kwa hiyo sheria za silaha za kichawi Mwalimu alizitafsiri kwa mkono wake kwenye vikadi. Silaha kiboko ilikuwa upanga. Pale mezani ulikuwa wa plastiki, urefu wa kidole.

"Soma tena, usinipunje," Kinyozi alimwambia siku hiyo.

Mwalimu akasoma: "Ukiitwa mara tatu, utaitika. Ukiitika, utachukuliwa na mwenye kuita."

"Basi dadu ya nini? Naita, unaitika, nauchukua!"

"Dadu lazima. Ndiyo inayosema kama umeitika."

"Ndivyo unavyosahihisha mitihani? Ndiyo maana watoto wa watu wanafeli!"

Tukacheka. Kinyozi akaita, "Upanga! Upanga! Upanga!" na mimi nikamsaidia, maana koo langu likifunguka mitaa saba inafunga madirisha. Akarusha dadu. Ikaangukia meza ya mbao kimya, kama imeangukia godoro. Sita.

Hapo sauti ikatoka stoo. "Baba Watoto!"

Sauti ya Msusi kabisa, na ule mkwaruzo wake. Kinyozi akainuka kwenda, halafu akasimama katikati ya chumba. Msusi alikuwa pale pale mbele yetu, anamsuka mteja, mdomo umejaa pini za nywele. Akatutazama. Alikuwa ameisikia na yeye.

Kesho yake umeme ulikatika, mashine za kunyolea zimelala kwenye droo, na bado saluni ilinuka nywele zinazoungua. "Baba Watoto!" stoo ikaita tena, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Kinyozi akaziba masikio.

Mwalimu alikuwa ameshika kile kikadi. "Jamani," akanong'ona, "nimeandika 'ukiitwa'. Sikuandika nani. Nilikuwa nafupisha."

"Si upanga?" nikamuuliza.

"Upanga ukiitwa. Na wewe ukiitwa. Ni u hiyo hiyo, fundi. Sisi tumesoma upanga. Huyo aliyeko stoo amesoma wewe."

Kinyozi akakaa chini sakafuni, juu ya nywele za watu. "Nimeshaitwa mara mbili," akasema. "Na mimi kuitika ni kazi yangu. Mteja akiguna tu, mdomo unajiendea."

Msusi hakulia. Alikwenda kumleta mjomba wake, mganga, mtu mfupi mwenye mafua. Mganga akasikiliza, akapenga kamasi, akasema chini chini, "Jini halijui kama mnacheza. Linashika maneno. Andika upya hilo neno, mwanangu, kabla halijaita tena."

Mwalimu akatoa kalamu, na hapo hapo ile harufu ikatujia usoni kama mlango wa tanuri umefunguliwa, na kule stoo kikaanza kitu kama kiwembe kinachopitishwa kwenye ukanda, shwaa, shwaa, kinasogea, na wino ukawa hautoki, Mwalimu anaikwaruza kalamu, anailamba, anaikwaruza tena, na mimi, ambaye naogopwa hata na mbwa vichaa, nikajibanza nyuma ya mganga, ndipo ikaja ile sauti, tamu kuliko ya mke mwenyewe, "Baba Watoto!" na Kinyozi akafumbua mdomo, nikaona ulimi unainuka, "Na...", mkewe akamrukia akamsokomeza taulo mpaka kooni, na wino ukatoka, Mwalimu akaandika: Upanga ukiitwa.

Shwaa, shwaa ikakoma.

Halafu pale mezani, kile kiupanga cha plastiki kikajibu kwa sauti ya Kinyozi: "Naam!"

Hatukuona mkono. Tuliona tu kwamba meza ni tupu. Shwaa, shwaa ikarudi nyuma hadi stoo, ikaishilia ukutani, na harufu ikaenda nayo. Mganga akakichoma kikadi. Kinyozi yuko hai, ananyoa, ila sasa hata umpigie kelele haitiki, anakugusa begani.

Lakini kumbukeni nani alisaidia kuuita. Juzi saa nane mchana nachomelea, nyuma ya mitungi ya gesi marehemu mama yangu akaniita, "Mwanangu!" Jana akaniita tena. Na upanga wa kuitika badala yangu haupo.

Kwa hiyo nawaomba, haya yaishie hapa. Msimwambie mtu, hata mwenzako wa kitandani. Maana watu ni wabishi, atatokea mmoja aje karakana kuhakikisha, nimempa mgongo, na aniite mara ya tatu.

Mdomo wangu nao unajiendea.