Bibi wa Ngazi ya Jikoni

Alhamisi saluni yangu hujaa mpaka wateja wanakaa kizingitini, maana Ijumaa kila mtu anataka kuonekana. Mimi ni Dawlat, msusi wa mtaa wa Muharram Bey, hapa Iskandaria. Kama hunijui, uliza yeyote, atakwambia ni yule mwanamke asiyekiamini hata kivuli chake. Wanasema kweli. Simwamini muuza samaki, simwamini daktari wa meno, na shemeji yangu Shauki nilimtilia shaka tangu siku alipokuja kuposa. Haya ninayosimulia yalimpata dada yangu Inshirah, mke wa huyo Shauki. Mimi niliyashuhudia kwa macho yangu, na sasa ndiyo siyaamini hata hayo macho.

Alhamisi hiyo mabishano yalikuwa juu ya filamu.

Zamani, tukiwa wasichana, ilitoka filamu ya kutisha iitwayo *Ngazi ya Jikoni*. Ilipigwa mtaani kwetu, kwenye fleti ya Hajjat Fikriya, mama yake Shauki. Majengo yetu ya kale yana mlango wa pili jikoni, na ukiufungua unakuta ngazi ya chuma inayozunguka kwenda chini, ya watumishi na muuza maziwa wa enzi hizo. Visa vyote vya filamu vilitokea kwenye ngazi hiyo. Hajjat mwenyewe, wakati huo bado kijana, alionekana mara moja tu, akishuka na ndoo. Mtaa mzima ulijivunia ile ndoo kwa miaka.

Sasa ilikuwa imetoka sehemu ya pili, imepigwa palepale.

"Upuuzi mtupu!" alisema Awatif, jirani yetu, kichwa kikiwa ndani ya beseni. "Nimekaa nasubiri nitishike, mwisho wananionyesha ngazi tupu, taa zinawashwa, kwaheri. Ngazi! Si ningebaki nyumbani nikaitazama ya kwangu bure?"

Yusriya, bibi harusi kutoka mji wa Tanta aliyehamia kwetu juzijuzi, aligeuka na vibano vyake kichwani. "Ngazi tupu? Shoga, ulilala wewe! Na yule bibi je?"

"Bibi gani?"

"Yule wa ndoo, wa filamu ya kwanza! Wamemrudisha, amezeeka. Anasimama ngazini, hasemi neno, anatazama tu. Nilimfinya mume wangu mpaka akapiga ukelele. Bila yule bibi hakuna filamu pale."

"Hakuna bibi, mwanangu. Nina macho mimi."

Basi saluni ikagawanyika, vitana vikawa vinaelekezwa usoni mwa watu. Kwenye simu ilikuwa hivyohivyo, wengine wakisema yule bibi ndiye utamu wote wa filamu, wengine wakiapa hayumo. Mwongozaji alipoulizwa kwenye runinga alicheka, akasema kila mtazamaji huona anachostahili. Mwongo mkubwa. Nilimwona jinsi alivyomeza mate kabla ya kujibu.

Mimi mkono wangu na mkasi ulikuwa umesimama hewani. Yusriya hakujua, mgeni wa watu, kwamba Hajjat Fikriya alikuwa amekufa kabla kamera hazijaingia. Kisha nikaona jambo jingine. Waliosema ngazi ilikuwa tupu wote walikuwa watu wa mtaani kwetu. Waliomwona bibi wote walikuwa wageni.

Nirudi nyuma kidogo. Watu wa sinema walipokuja kuomba fleti mara ya pili, Hajjat alikataa katakata. "Mara ya kwanza walinivunjia sahani na kuniachia ndoto mbaya," alisema mbele yetu sote. "Hawaingii humu mpaka nife." Shauki alizitaka zile pesa, na zaidi ya pesa alitaka kukaa mkahawani na kuitwa bwana wa sinema. Walinuniana. Kisha siku moja Inshirah alikuwa sokoni, Shauki yuko nyumbani na mama yake, na Hajjat akaanguka kwenye ngazi ya chuma. Daktari akasema uzee. Arobaini haijafika, nyaya za taa za sinema zilikuwa zimetandazwa jikoni kwa marehemu.

Kwenye msiba kwetu hutolewa kahawa chungu, isiyo na sukari, na kuna watu wa kukodi wa kuigawa. Siku hiyo Shauki aliwanyang'anya sinia. Aligawa mwenyewe, mlango wa wanaume na mlango wa wanawake, na alisimama juu ya kichwa cha kila mtu mpaka kikombe kitazame chini. Watu wakasema, masikini, anavyompenda mama yake! Hata bawabu alinyweshwa. Yeye peke yake hakunywa. Alisema tumbo linamuunguza.

"Shemeji, mimi nina presha," nikamwambia.

"Kwa ajili ya mama, Dawlat. Mpaka mwisho."

Nilikiinua kikombe mdomoni. Kilinuka karafuu maiti. Nikafikiri ni mikono yake, kwa kuwa ndiyo kwanza katoka kumbeba mama yake. Alipogeuka, niliimwaga kahawa yote kwenye chungu cha mrehani. Sikujua kitu wakati huo. Ni vile tu sikutaka kumeza chochote kilichotoka kwa Shauki.

Basi Alhamisi hiyo ya mabishano nilifunga saluni mapema nikaenda sinema peke yangu, maonyesho ya alasiri, watu wachache, wanakula mbegu za maboga. Filamu yenyewe ya kawaida, makelele mengi. Ikafika mwisho. Jikoni. Mlango ukafunguka. Ngazi.

Alikuwepo.

Hajjat Fikriya. Si mfano wake. Ni yeye. Amevaa kitu cheupe. Nywele zimelowa, maji yanadondoka chumani. Hatazami mwigizaji. Anatutazama sisi, safu kwa safu, kama anayetafuta mtu wake. Ameshika kikombe kidogo cha kahawa, amekigeuza chini. Kitupu. Na mimi ni msusi, naangalia nywele kabla ya uso. Zilikuwa zimesukwa misuko mitatu.

Mtume! Unajua mwenyewe ni mwanamke gani husukwa misuko mitatu na nywele zake zingali na maji. Ni yule aliyekwisha kuoshwa.

Kesho yake nilikwenda kwa Umm Rafat, mama anayeosha maiti wanawake mtaani. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza kama siku ya Hajjat kulikuwa na lolote. Aliinuka kwanza akafunga dirisha.

"Maji ya mwisho," alinong'ona. "Yale ya karafuu maiti, yaliyompita mwilini. Nilitaka kuyamwaga. Shauki akabisha hodi, akasema, nipe, mama, nitayamwaga mwenyewe mahali pasipokanyagwa."

"Ukampa?"

"Ni mwanawe, Dawlat! Ningemkatalia vipi?" Aliendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa. "Wapo wanaoyatumia. Mtu akiyanywa, maiti yeyote hamfikii tena. Hamwoni, hamsikii, hata aje na malalamiko gani. Anayenyweshwa ni yule ambaye maiti angemwendea. Ila anayewanywesha wengine, yeye mwenyewe hayamkingi."

Nilitoka pale nikihesabu vikombe. Mtaa mzima ulikuwa umekunywa. Na dada yangu alikuwa wa kwanza kupewa kikombe.

Nilimfuata Inshirah nyumbani kwake, kwenye ileile fleti ya marehemu mkwewe, nikamweleza yote. Alikasirika mno.

"Umemchukia mume wangu tangu siku ya posa!"

"Nimemchukia, ndiyo. Lakini nywele nimeziona."

"Mimi nimeitazama filamu mara mbili. Ngazi tupu! Awatif kaona tupu. Wewe tu na wapita njia wa kwenye simu."

Mimi nilikuwa natazama mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi, na kamba mpya ya nguo ilikuwa imefungwa nje, kwenye pembe ya ile ngazi ya chuma, mbali kiasi kwamba mtu angeifikia kwa kuinama mwili mzima.

"Kamba hii ya nini?"

"Shauki kaifunga. Anasema nguo zitakauka vizuri kule." Alishusha pumzi. "Tena hatuelewani siku hizi. Wale watu wanataka kupiga sehemu ya tatu. Nimemwambia mimi siwataki tena humu. Hawaingii."

Maneno yaleyale ya Hajjat, jikoni ileile. Nilitaka kumkokota dada yangu kwa nywele tuondoke, lakini namjua, ukimvuta anakaa chini. Ilibidi aone mwenyewe. Na aliyekunywa haoni. Basi nikafikiri, kama yeye haoni, ni nani aliye karibu naye ambaye hakunywa?

Jumapili nilipita mkahawani, Shauki amekaa na wenzake, anawaeleza jinsi watu wa mitandaoni walivyo wajinga, wanaona mabibi wasiokuwepo.

"Shemeji!" nikamwita kwa sauti ya wote kusikia. "Filamu imepigwa kwako na wewe hujampeleka hata mkeo ukakaa naye. Unaogopa?"

Wanaume wakacheka. "Bwana wa sinema anaogopa sinema!"

"Naogopa nini mimi?" akasema, na shingo ikawa nyekundu.

"Basi twende leo, sisi watatu. Tiketi juu yangu."

Hangeweza kukataa mbele ya watu. Tuliingia maonyesho ya alasiri. Inshirah alikaa katikati yetu. Nikamwegemea sikioni, nikamwambia neno moja tu: "Ikifika ngazi, usitazame skrini. Mtazame mumeo."

Filamu ikaenda. Shauki alikula mbegu, akakoroma kwa dharau, akapiga miayo. Ikaja jikoni. Akaacha kutafuna. Mlango ukafunguka.

Mimi nilitazama skrini. Hajjat alikuwa pale. Safari hii hakutafuta safu kwa safu. Alitazama safu yetu.

Inshirah alimtazama mumewe.

Shauki alikuwa amefumba macho. Ameyafumba kwa nguvu, mpaka mashavu yamepanda, na midomo inakwenda bila sauti. Mwanamume mzima, aliyeapa mtaani kote kwamba ngazi ni tupu. Alifumbua taa zilipowashwa, akajinyoosha, akasema, "Mnaona? Hakuna kitu."

Dada yangu alichukua mkoba wake akanifuata, akalala kwangu na nguo alizovaa. Usiku kucha hakulia. Alikaa tu kitandani akiisugua pete yake. Asubuhi nilimwambia, "Umeokoka, dada. Hurudi kule." Akasema, "Alinipa mimi kwanza, Dawlat. Alisimama akanitazama nikimeza."

Siku chache baadaye alisema anakwenda mara moja kuchukua nguo zake. Nilikuwa na mteja, sikuweza kwenda naye. Alirudi mikono mitupu, akasema Shauki hakuwepo na funguo amezisahau. Adhuhuri bawabu alipiga kelele. Shauki alikuwa chini kabisa ya ngazi ya chuma, na kamba ya nguo mkononi. Daktari, yuleyule, akasema ameteleza.

Nilihuzunika kidogo, lazima niseme, kwa ajili ya watu. Kwa ajili yangu niliona mambo yamekwisha. Inshirah alisimamia msiba bila kutetereka. Ndugu wanaume walipotaka kumwosha maiti alisema, "Ni mume wangu, ninayo haki." Na sheria inamruhusu, wakampisha. Alifunga mlango mwenyewe. Nikasema moyoni, huo ni moyo wa dhahabu, baada ya yote aliyotendewa.

Kahawa ya msiba aliipika yeye, na sinia alizunguka nalo yeye.

"Kunywa, dada yangu," aliniambia. "Wewe uliyenisaidia, kunywa yote."

Kwa dada yangu ningekataaje? Nilikunywa. Ilikuwa na iliki nyingi mno, imefunika kila harufu, na Inshirah katika maisha yake hajawahi kutia iliki kwenye kahawa.

Sikukuu iliyopita filamu ilionyeshwa kwenye runinga. Nilikuwa nimeiwasha saluni, wateja wamejaa, Inshirah amekaa kiti cha mwisho anatafuna kaaki, vile vibiskuti vya sikukuu. Siku hizi anaishi mwenyewe kwenye ile fleti, na sura imenawiri. Ikafika jikoni. Mlango ukafunguka.

Ngazi ilikuwa tupu. Nilijisogeza. Nikafuta kioo cha runinga kwa kitambaa cha mteja. Chuma kitupu, kuanzia juu mpaka chini.

"Kaaah!" Yusriya, ambaye wakati wa msiba wa Shauki alikuwa kwao Tanta, alishika kifua. "Na yule mwanamume nyuma ya bibi je? Mbona sinemani hakuwepo? Wamemwongeza? Mwenye kamba mkononi, ona alivyolowa!"

"Mwanamume gani?" akasema Awatif. "Na bibi gani? Mmeanza tena?"

Saluni ikalipuka, huyu hivi, huyu vile. Nilitaka kucheka pamoja nao. Niligeuka kumtazama dada yangu, nimuulize kama na yeye anaona ngazi tupu.

Kaaki ilikuwa imebaki hewani, nusu imeliwa. Inshirah alikuwa amefumba macho. Ameyafumba kwa nguvu, mpaka mashavu yamepanda, na midomo inakwenda bila sauti.