Mstari wa Arobaini na Moja

Kila alasiri akitoka shule, Luned alipitia kwa babu yake, Mzee Idwal. Alibandika birika, akakata mkate wa zabibu kavu, kisha akakaa mezani na kalamu. Mzee Idwal alikuwa amepasua mawe ya kuezekea katika machimbo yetu miaka arobaini, na jioni zake zote alitunga mashairi. Sasa macho yalikuwa yamedhoofu, hivyo yeye alitamka, Luned akaandika.

"Unaandika au unachora kuku?" babu aliuliza.

"Naandika, babu. Wewe sema tu, mimi nadaka."

Shairi lile lilikuwa la tamasha la kijiji, ambako mshairi bora hupewa kiti cha mwaloni kilichochongwa kwa ajili ya siku hiyo. Kwetu karibu kila nyumba ina mshairi, na hakuna asiyekitamani kiti hicho. Mzee Idwal alikuwa amejaribu mara ishirini na mbili. Jina lake la siri, maana mwamuzi hatakiwi kumjua mtunzi, lilikuwa Nyundo.

Siku ya mwisho ya kupokea mashairi, Luned alitumwa apeleke karatasi kwa katibu wa tamasha. Njiani akakuta wenzake wanacheza mpira, akaweka mkoba ukutani, akaingia uwanjani. Mvua ikanyesha. Alipofungua mkoba, maji yalikuwa yamefuta mstari mmoja wote, wa arobaini na moja.

Angeweza kukimbia kumwuliza babu. Lakini angeanzia wapi kueleza habari za mpira? Akajificha kwenye baraza ya nyumba jirani, akanakili shairi upya, na pale palipofutika akatia mstari wa kwake. "Mmoja kati ya themanini," alijiambia, "nani atajua?"

Lo, mtoto wa kijiji chetu kusema hivyo! Katika ushairi wetu sauti za nusu ya kwanza ya mstari lazima zijibiwe na nusu ya pili, na tunailinda kanuni hiyo kuliko milango ya nyumba zetu.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa hadi madirishani. Luned alikaa na babu yake, aliyevaa suti aliyofungia ndoa. Mwamuzi, Bibi Tegwen Pugh, alisimama kando ya kiti.

"Shairi la Nyundo limeniliza," alisema. "Ningempa kiti bila kusita. Lakini mstari wa arobaini na moja unachechemea. Sitausoma, nisimwaibishe mtunzi. Mwaka huu hakuna atakayekaa."

Watu waliguna. Mzee Idwal hakuguna. Midomo yake ilicheza kimyakimya, akiurudia mstari wake mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akamwinamia mjukuu wake.

"Siusikii ubovu wake, Luned. Kumbe sikio nalo limekwisha. Kesho yale madaftari yangu ya mashairi uyatie motoni. Mimi na kalamu basi."

Hakuna aliyemjua Nyundo. Luned akinyamaza, siri ingebaki siri, na babu angeamini hivyo mpaka anaingia kaburini. Alisimama.

"Bibi Tegwen, mstari ule si wa Nyundo. Ni wangu. Wake ulilowa mvua mimi nikicheza mpira, nikaogopa kusema."

"Na wake ulisemaje?" mwamuzi aliuliza.

Luned alitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Ndipo Mzee Idwal, bila kuinuka, akautamka mstari wake kwa sauti iliyokwaruza. Ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Bibi Tegwen alivua miwani, akaifuta. "Nilihukumu karatasi niliyoletewa, Mzee Idwal. Kiti siwezi kukupa."

"Sijakiomba, mama," alijibu. "Nimerudishiwa sikio langu."

Walipokuwa wakipanda kilima kurudi nyumbani, Luned alilia waziwazi.

"Nimekunyima kiti, babu. Nisamehe."

Mzee Idwal alisimama kuvuta pumzi, akamshika bega.

"Kiti kimeniuma, sikufichi. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Mvua ningekusamehe kabla chai haijapoa. Ulipoficha, kosa halikuondoka, lilihamia kwangu, nikajiona mzee niliyechakaa. Ukikosea, sema mapema, mwingine asije akalibeba kosa lako."

"Nimesikia, babu."

"Leo umelibeba mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Mimi nisingethubutu." Walitembea kidogo. "Huo mstari wako hebu uniambie."

Luned aliutamka kwa aibu. Babu alisikiliza, kichwa kimeinama, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mguu mmoja ndio mbovu," alisema. "Kesho njoo na kalamu, tuutibu."