Isukuti Kifuani mwa Protus

Muhonja alikuwa amelaza kichwa kifuani mwa mumewe, Protus, Jumapili baada ya chakula cha mchana, aliposikia kwamba moyo wake haupigi kama mioyo ya watu. Ulipiga isukuti, ngoma kubwa chini na ndogo juu yake, vile inavyopigwa arusini na mazishini.

"Protus, ni nini hiyo humo ndani?"

"Nilidhani naisikianga peke yangu," akajibu polepole.

Protus alikuwa mpigaji ngoma aliyejulikana kutoka Lurambi hadi Isecheno. Juma lililotangulia, kwenye matanga ya mwalimu wake wa ngoma, Hezekiah, ngoma yake ilipasuka. Akachukua ile ya marehemu, ambayo wazee waliilaza kando ya jeneza wakasema isiguswe hadi mwenyewe azikwe. Hakuna aliyemzuia. Ngoma hiyo haikuwahi kulia vizuri vile.

Sasa nyumba ilinuka ngozi mbichi ya kenge, ile inayowambwa isukuti. Vikombe vilitetemeka kabatini. Protus alipokula, mabega yalijichezea na tonge likamponyoka. Alizidi kukonda huku ile ngoma ya kifuani ikinona, mpaka ng'ombe wakakataa kupita karibu na dirisha, na Muhonja akawa anakula nje, akitafuna bila kumeza, kwa kuwa hata akiziba masikio aliisikia kwenye meno.

Wakamwita Nasambu, mama aliyejua kutoa majini. Aliweka sikio kifuani mwa Protus, akakaa hapo kwa muda, kisha akamvuta Muhonja nje.

"Ni jini la ngoma ile. Kulitoa naweza," akanong'ona. "Lakini nimetafuta chini yake, mwanangu. Hakuna moyo mwingine. Limeshaula."

"Na likibaki?"

"Litacheza mpaka lichoke."

Akaondoka bila kunywa chai.

Alhamisi asubuhi mdundo ukabadilika, ukawa ule wa kutoa maiti nyumbani kuipeleka kaburini, ukapenya ukuta, ukavuka shamba la miwa, hata majirani wakaanza kuingia bomani na majembe na maturubai, wanawake wakilia, kila mmoja akimwuliza mwenzake ni nani hapa amelala.

Wanzala, jirani wa karibu, alisita alipomwona Protus amesimama mlangoni, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mabega yakitikisika.

"Tumesikia ngoma," Wanzala akasema. "Nani ametuacha?"

"Karibuni, ketini," Protus akasema. "Bado kidogo."